Kima Huiga, Ndege Huimba

Juzi binti yangu Zena alinijia jikoni na simu yangu mkononi. Kazi ya nyumbani. Siku hizi shule huwapa watoto kazi na wazazi ndio huifanya. Sisi wa zamani tulifanya wenyewe na tukachapwa wenyewe. Nilikuwa nimeketi kwenye kibao nikichambua mchele, ungo mapajani, na joto la Garsen limenikaa shingoni.

"Mama, sikiliza huyu."

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya kutisha, kama fahali anayekoroma ndani ya pipa tupu. Paka akatoka mbio. Zena akacheka, akaniambia huyo ni kima, anaishi misitu ya Amerika Kusini, na akilia alfajiri husikika mbali sana. Kisha akabonyeza pengine, akaimba ndege mdogo wa misitu ya huko huko kwenye joto, sauti nyembamba, tamu, inapanda na kushuka. Kazi yenyewe ilikuwa kuwalinganisha hao wawili: wanafanana wapi, wanatofautiana wapi.

"Wanafanana hapa," Zena alisoma, kidole kwenye kioo. "Wote hulia asubuhi kuwaambia wenzao, niko hapa. Tofauti yao ni kwamba kima ana sauti yake ya kuzaliwa tu, haigi. Ndege huyu hujifunza kwa kusikia. Anaweza kuiga ndege wengine, hata mbinja ya mtu." Akainua macho. "Mama, mbona unamwaga mchele?"

Nilikuwa naumwaga kweli. Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni, na jiko lenyewe ni la gesi. Mtoto si mjinga. Aliniokotea mchele punje kwa punje bila kuuliza tena, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye ua.

Nayaandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, waliokua kando ya mto ule na wanaojua mbinja ilikuwa nini kwetu. Vijana wataniona nimechanganyikiwa.

Nilizaliwa Wenje. Shamba letu lilikuwa juu kidogo ya kijiji, ukishapita kona moja ya mto na kijisitu cha mikuyu. Mahindi yakianza kubeba, Baba alihamia huko. Alijenga ulingo wa miti, akaezeka kwa makuti, akalala juu yake na mkuki na tochi. Mchana adui walikuwa kima na ndege, na hao sisi watoto tuliwaweza kwa kombeo na makelele. Usiku walikuja viboko na nyati, na hao walikuwa kazi ya wanaume.

Sasa, kulikuwa na desturi. Kila mwanamume aliyelala shambani, akishaswali alfajiri, alipiga mbinja kuelekea kijijini. Kila mmoja alikuwa na yake, na haikufanana na ya mwingine. Ya Baba ilikuwa hivi: mbili fupi zinapanda, halafu moja ndefu inateremka polepole, kama mtoto anayeshuka gema la mto kwa makalio. Huku kijijini, kila nyumba ilikuwa na mtu wa kusimama ukingoni, kusikiliza na kuitikia. Mbinja ikikosekana, wanaume waliacha hata chai mezani wakaenda kutazama. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mzee jirani yetu hakupiga. Walimkuta ameumwa na nyoka, mguu umevimba, wakambeba kwa machela hadi hospitali. Akaishi, akaja akanionyesha kovu. Kwa hiyo mtu asiniambie ulikuwa mchezo.

Nyumbani kwetu msikilizaji nilikuwa mimi. Nilisimama juu ya gema na ndoo yangu, kungali na ukungu majini, nikasikia, nikaitikia, nikakimbia kumwambia Mama, "Baba kaamka." Mama hakutia majani ya chai kwenye sufuria mpaka aambiwe hivyo. Maji yangechemka mpaka yakauke.

Nami nilijivuna. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kujua. Nilijua mbinja ya kila mwanamume wa kona ile, na mtu akikohoa katikati ya mbinja yake nilimtaja jina. Wakubwa walinicheka na kunisifu, na sifa kwa mtoto ni kama sukari, akionja hataki tena chai kavu.

Kando ya shamba letu ilipita malka, ile njia ya mifugo kushukia mtoni. Wafugaji wa Orma walikuwa na haki nayo tangu babu zao, lakini miaka ile wakulima wengi walikuwa wamezilima malka zao, zikabaki chache. Baba aliiacha yetu wazi. Alisema ng'ombe hanywi vumbi. Aliyeitumia zaidi ni Barisa, Mworma mrefu, mwembamba, fimbo mabegani na mikono imetundikwa juu ya fimbo. Yeye na Baba walikuwa marafiki wa mahindi kwa maziwa. Maziwa yake yalikuja kwenye kibuyu kilichofukizwa, yananuka moshi mtamu wa mti. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo namwona Baba akijifuta povu kwenye masharubu.

Barisa alikuwa na binti, Hawa, tuliyeketi naye dawati moja. Mimi nilikuwa mwenye mdomo, yeye mwenye macho. Tuligawana kifutio kimoja, nusu kwa nusu.

Basi siku moja mwalimu wetu alikuja na kitabu kikubwa cha wanyama wa dunia, chenye kurasa zilizonatana kwa unyevu. Akatufungulia picha ya kima wa Amerika Kusini, mwekundu mwekundu, mdomo wazi kama anayetapika. Akatuambia kima huyo ndiye huwaamsha watu wa kwao kwa kelele, jinsi kurumbiza anavyotuamsha sisi. Kurumbiza ni yule ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, anayejificha vichakani kando ya mto na kuimba kabla ya jua. Mwalimu akatuagiza tuandike sentensi moja kulinganisha kima na kurumbiza.

Mimi sikuwaza mara mbili. Nilimfahamu kima wa shambani. Baba akiinua mkono kurusha jiwe, kima naye huinua mkono. Ukijikuna, hujikuna. Mama alikuwa akituonya tusimtazame sana, asije akajifunza kuwasha moto. Nikaandika: Kima huiga, ndege huimba. Mwalimu akapiga tiki kubwa nyekundu, akaisoma sentensi yangu kwa sauti mbele ya darasa.

Hawa aliandika: Ndege pia huiga, Baba amesema. Akapata kosa. Nilimcheka, nikamwambia baba yake akachunge ng'ombe, elimu aiache kwa wenye elimu. Hawa alichukua nusu yake ya kifutio akafuta sentensi yake mpaka karatasi ikatoboka.

Mwaka huo mvua haikuja. Mto ukashuka, ukaacha michanga mipana, na mifugo ikaja kutoka mbali, mingine ya watu tusiowajua. Malka zilizobaki zikajaa. Kila wiki kulikuwa na kesi, ng'ombe wameingia shamba la fulani, panga limemkata ndama wa fulani. Ami Komora, mdogo wake Baba, alikuwa mtu wa hasira za karibu, na jioni moja nilimsikia uani akimwambia Baba aizibe malka yake.

"Utazikwa kwa ajili ya ng'ombe wa watu," alisema.

"Nikizikwa, utakuja?" Baba alimtania.

"Usifanye mzaha."

"Basi mie naacha njia wazi. Hata wewe ukija kunizika upate pa kupita."

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, ingawa sikuelewa.

Asubuhi ninayoisimulia haikuwa na kitu cha kuitofautisha na nyingine. Nilisimama juu ya gema, ndoo miguuni, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mbinja za wengine zilikuja, nikaziitikia moyoni moja moja. Ya Baba ilichelewa. Jua lilikuwa linaanza kutoka ndipo nikaisikia, mbili fupi zinapanda, moja ndefu. Nikaitikia. Ikaja tena papo hapo, bila kupumzika, na tena mara ya tatu. Na ile ndefu haikuteremka vizuri. Ilining'inia juu, ikakatika.

Nililiona hilo. Nataka lieleweke mapema, nisije nikaonekana nalificha. Niliona kwamba ncha ya mbinja haikuwa sawa, na kwamba imetokea upande wa mikuyu badala ya ulingoni. Nikacheka. Nilidhani Baba anacheza na mimi.

"Baba kaamka," nilimwambia Mama. "Tena leo ana furaha."

Mama akatia majani ya chai.

Jua lilipopanda nilipewa chupa ya chai na ndizi za kuchemsha kwenye kitambaa, nikashika njia. Nilipokaribia niliona ua wa miiba umebomolewa upande wa malka, mahindi yamelala, na ardhi yote imevurugwa na kwato za ng'ombe, nyayo juu ya nyayo. Nikamwita. Baba alikuwa ng'ambo ya ulingo, kwenye mahindi ambayo hayakulala. Amelala ubavu, mkono mmoja umeukumbatia mguu wa ulingo kama anayetaka kupanda. Chini ya mbavu palikuwa na tundu, tundu moja tu, la mviringo. Damu ilikuwa imekauka na siafu wameshafika. Chupa ya chai ilinitoka mkononi ikavunjika ndani, ikalia kidogo tu, na chai ikaanza kuvuja kwenye mchanga karibu na mkono wake.

Leo najua kwamba damu iliyokauka husema saa zake. Siku ile hakuna aliyeiuliza. Waliniuliza mimi.

Wanaume walikuja wote. Wakamfunika Baba kwa leso ya Mama, yenye maua ya njano. Barisa alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mtoni akinywesha, akasikia kilio, akaacha ng'ombe na kuja mbio, na alipoiona ile leso alitupa fimbo yake chini akashika kichwa. Mtu aliyeua haji hivyo. Lakini tundu lilikuwa kama la mkuki, ua ulikuwa umebomolewa, na nyayo zote zilikuwa za ng'ombe wake. Vijana wakamshika mikono.

"Nyati," Barisa alisema. "Hii nyati. Pembe. Imepita usiku, imevunja ua. Asubuhi ng'ombe yangu imeona tundu ya ua, imeingia. Mimi nimeitoa mbio. Yeye mimi hapana ona, mahindi ni refu."

"Nyayo za nyati ziko wapi?" Ami Komora aliuliza.

"Ng'ombe imekanyaga."

"Ng'ombe zako."

"Ndiyo. Ng'ombe yangu."

Hapo ndipo Ami Komora akanigeukia. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. Macho yake yalikuwa mekundu, na alinisemesha kwa upole kuliko siku zote.

"Mwanangu, leo asubuhi uliisikia mbinja ya baba yako?"

"Nilisikia."

"Kulikuwa na giza?"

"Jua lilikuwa linatoka."

Akasimama. "Mmesikia. Jua linatoka ndugu yangu alikuwa hai. Nyati gani huyo anayetembea jua likiwaka, watu wamejaa mtoni?"

Barisa alinitazama. Hakunikasirikia. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama kamba akiwa ndani ya maji.

"Hiyo hapana mtu," aliniambia. "Hiyo ndege. Ndege ya mkuyu, ya kifua nyekundu. Imeshika mbinja ya baba yako siku mingi. Mimi nasikia kila siku nikinywesha. Mara ya kwanza hata mimi imenidanganya, nimeitika. Baba yako amecheka sana. Wewe mtoto, wewe unajua sikio. Sema kweli."

Watu wote wakanigeukia. Wanaume wazima, wenye mapanga, wananingoja mimi.

Nilikumbuka ile ncha iliyoning'inia juu. Naapa niliikumbuka. Ilikuja wazi kabisa, kama inapigwa upya sikioni, na nilijua kwamba kwa miaka yangu yote Baba hakuwahi kuikata hivyo. Halafu nikaitazama ile leso. Kama ilikuwa ndege, basi Baba alikuwa amekufa gizani akiwa peke yake, akingoja asubuhi ifike na mbinja yake ikosekane ili watu waje. Na asubuhi ilipofika, mimi nilimwitikia ndege, nikacheka, nikamwambia Mama atie majani ya chai. Hilo sikuweza kulibeba. Na juu ya hilo kulikuwa na tiki nyekundu kwenye daftari langu, darasa zima limeisikia.

"Ndege haigi," nilisema. "Anayeiga ni kima. Ilikuwa mbinja ya Baba. Mimi naijua."

"Mtoto hasemi uongo," mzee mmoja akasema nyuma.

Wakamvuta Barisa kuelekea malka. Mama alinifunika kichwa kwa buibui lake, akaniziba masikio kwa viganja, lakini mimi ndiye niliyejulikana kwa masikio. Nilisikia yote. Kwanza alikuwa akiniita mimi. Baadaye aliita kwa Kiorma, na baadaye hakuita.

Hakufia pale. Watu wake walimchukua, akakaa siku tatu. Siku ya nne tulisikia vilio kutoka upande wa nyika. Hawa hakurudi shuleni. Dawati likawa langu peke yangu, na nusu yangu ya kifutio.

Kijiji kikangoja kulipizwa. Watu walilala na viatu, wanawake wakavushwa ng'ambo kwa mitumbwi. Lakini wazee wa pande mbili walikuwa wamechoka kuzika. Wakakutana kwenye malka ile ile, wakakaa siku mbili, wakachinja fahali, wakala pamoja. Waliamua hivi: mtu ameuawa huku, mtu ameuawa kule, damu imekutana na damu, hakuna anayedai. Malka ikaachwa wazi. Ami Komora alishikana mikono na kaka yake Barisa mbele ya watu wote. Hakuna nyumba iliyochomwa, wala mtu wa tatu aliyekufa. Mpaka leo wazee husifu kikao kile.

Hitma ya Baba ilikuwa imeshasomwa, na nilikuwa nimerudi kuchota maji asubuhi, ila ukingoni sikusimama tena. Nilichota nikaondoka. Asubuhi moja nikaisikia. Mbili fupi zinapanda, moja ndefu inaning'inia.

Niliangusha ndoo nikakimbia. Sitadanganya, nilikimbia nikimwita Baba. Nilipita kona ya mto, miiba ikanichana, nikaingia chini ya mikuyu na kutazama juu. Alikuwa pale kwenye tawi la chini, mdogo kuliko ngumi yangu, kifua kama chungwa lililoiva. Alinitazama kwa jicho moja. Akafungua mdomo akapiga mbinja ya baba yangu, kisha sauti ya njiwa, kisha mlio wa mtu anayeita ng'ombe, kisha mbinja ya baba yangu tena.

Nilirudi nikamwambia Mama. Alikuwa anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho, povu likimkauka mikononi, halafu akaniziba mdomo kwa kiganja chenye sabuni.

"Umemwambia nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Usimwambie mtu. Sikia mwanangu. Ukilisema hilo, damu haikukutana na damu. Itakuwa baba yako kauawa na mnyama, na Barisa kauawa na sisi bure. Watakuja kudai. Watamchukua ami yako, na vijana wote walioshika fimbo siku ile. Unataka?"

"Lakini Mama, baba Hawa..."

"Baba Hawa ameshakufa," alisema. "Wewe unaye ami mmoja." Akaachia mdomo wangu, akarudi kwenye nguo, na niliona mabega yake yanacheza.

Kesho yake alfajiri Mama aliondoka kabla yangu. Nilimfuata kwa mbali. Alikuwa amefunga mawe kwenye pindo la leso, na kombeo mkononi, na mwanamke huyo alikuwa na shabaha kuliko Baba. Aliketi chini ya mikuyu akangoja. Ndege akaja. Akapiga mbinja. Mama aliinua kombeo, akalizungusha mara moja, akalishusha. Ndege akapiga tena. Mama aliketi pale mpaka jua likawa kali, uso wake umeinuliwa, machozi yanamtiririka hadi shingoni. Alirudi na mawe yote kwenye leso. Kwa siku nyingi baadaye aliamka alfajiri na kwenda, wala sikumwuliza anakwenda wapi. Kisha mvua ilikuja, ndege akahama, au akaisahau ile mbinja akashika nyingine. Mama alikaa kitandani siku tatu. Nilikuwa mtoto, lakini nilifahamu kwamba anafiwa mara ya pili.

Nilikua, nikaolewa, nikahamia Garsen. Ami Komora alikufa mzee, kitandani mwake. Mama naye ametangulia. Vijana walioshika fimbo siku ile wana wajukuu.

Na karibu na soko, kwenye kivuli cha bati, huketi mwanamke na madumu yake ya maziwa. Ni Hawa. Nilipomwona mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilitaka kupita njia nyingine, lakini yeye ndiye aliyenisalimu, akaniuliza habari za Wenje, akanijazia chupa. Tangu hapo kila jioni nanunua kwake. Hutumia madumu ya plastiki kama wote, ila kwanza huyafukiza kwa namna yake, na maziwa yake bado yananuka ule moshi. Hujaza chupa yangu hadi shingoni, zaidi ya kipimo. Tumezungumza juu ya waume, watoto, ukame, bei. Juu ya siku ile hatukuwahi kusema neno. Nilijiambia hajui, na kwamba kimya changu ndicho kinacholinda watu. Labda zamani kilikuwa kinalinda watu. Miaka ya karibuni kilikuwa kinanilinda mimi tu.

Jioni ya kazi ya Zena nilikwenda na chupa yangu. Soko lilikuwa linafungwa. Nikaketi kwenye debe kando ya Hawa, jambo ambalo huwa silifanyi.

"Hawa, siku ile," nilisema. "Alikuwa ndege."

Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko cha dumu. Ukabaki pale.

"Najua," alisema. "Sisi tulijua tangu siku ile. Baba alikuwa anaongea bado siku mbili za mwanzo. Ametueleza yote. Nyati, ndege, wewe. Wazee wetu pia walijua. Wakasema tukilitoa hili watakufa wengi, basi tumemeza."

"Miaka yote unaniuzia maziwa."

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Alivuta mtandio wake mbele. "Iko kitu moja. Baba alisema, yule mtoto alijua. Alisema ameona machoni. Mimi nikamwambia hapana Baba, yule ni mjinga tu, hata shuleni aliandika hivyo hivyo na mwalimu akampa tiki. Amekufa tunabishana. Mpaka leo nakutetea kwake." Akanigeukia, na yalikuwa macho ya Barisa, yale yale. "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa mtoto, na watu wote wangekubali. Hata yeye alikuwa ameniandalia hilo neno miaka yote hiyo, nilichukue tu.

"Ncha yake haikuteremka," nilisema. "Baba alikuwa anaiteremsha. Waliponiuliza niliikumbuka. Nilijua, Hawa. Kidogo, lakini nilijua."

Hakulia. Akaichukua chupa yangu, akaisuuza, akaimiminia maziwa polepole hadi shingoni, zaidi ya kipimo kama kila siku. Akafunga kifuniko, akakikaza, akanikabidhi bila vidole vyetu kugusana.

"Kesho usije wewe," alisema. "Mtume mtoto."

Zena ndiye huenda sasa, kila jioni. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia miguu inaniuma. Alipata tiki kwenye kazi yake ya kima na ndege, akanionyesha kwa furaha, nami nikamwambia ni vizuri. Chupa hurudi imejaa, na inanuka moshi.